Insha yako imenyooka, sasa unaambiwa ni ya roboti

Siku hizi ukiandika vizuri unashukiwa. Iwe wewe ni mwanachuo hapa Machakos ama unaandikia wateja wa ng'ambo ukiwa chumbani mtaa wa Kenya Israel, unaweza kutuma kazi iliyokutoa jasho na jibu likaja: hii ni ChatGPT.

Shutuma hiyo inatuchoma sisi zaidi, na sababu iko darasani. Si unakumbuka insha za shule ya msingi? Hukuamka, ulirauka. Hukukimbia, ulichana mbuga. Aya ziliungwa kwa "isitoshe" na "fauka ya hayo", na insha iliyopata 38 kwa 40 ikasomwa mbele ya darasa ili wengine muikariri. Kwa Kiingereza ilikuwa vilevile. KCPE ilidumu kuanzia 1985 hadi 2023, hebu piga hesabu ni watoto wangapi waliopitia kalibu hiyo.

ChatGPT nayo ilifunzwa kwa lundo la maandishi, kisha ikanolewa ijibu kwa adabu na mpangilio. Mtakosa kufanana vipi? Mwaka 2025 mwandishi Mkenya Marcus Olang' alichapisha makala akisema haandiki kama ChatGPT. ChatGPT ndiyo inaandika kama yeye.

Programu za kunusa akili unde nyingi hupima jinsi maneno yanavyotabirika. Mwaka 2023 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walijaribu programu saba kwa insha 91 za TOEFL, zilizoandikwa na watu ambao Kiingereza si lugha yao ya kwanza. Kwa wastani, zaidi ya nusu ziliitwa kazi ya mashine. Wakaiambia ChatGPT izirembeshe msamiati, na nyingi zikapita! (Yaani ya mtu inakataliwa, iliyoguswa na mashine inapita.) Julai mwaka huohuo OpenAI, wenye ChatGPT, waliondoa kifaa chao cha kutambua maandishi kwa kuwa hakikuwa sahihi vya kutosha.

Kwa hivyo usiharibu sentensi zako makusudi ili uonekane binadamu. Andika kwenye Google Docs, ambayo huweka historia ya mabadiliko, na usitupe karatasi za rafu. Kama kweli ulikopi, hapo sina msaada. Lakini kama kazi ni yako, ukiitwa beba ushahidi huo, halafu omba uulizwe maswali papo hapo kuhusu ulichoandika.