Mgeni wa Kulala: Maji, Magunia na Jiko

Wiki ya mwisho kabla ya Krismasi magari ya kutoka Nairobi hufika Machakos yakiwa yamejaa watu na mizigo, na ikifika jioni, kuanzia Mua hadi Masii, ni nadra kupata boma lisilo na mtu wa kulazwa. Ukambani mgeni harudishwi kwa kukosa kitanda. Watoto watahamia sebuleni, godoro litatandikwa sakafuni, na mama mwenye nyumba ataanza kuwaza kuku na chapati. Sisi wa afya ya umma tungependa awaze jambo jingine kwanza. Usiku huo nyumba ya watu watano italaza watu kumi na wawili. Watakunywa maji gani? Watakula saa ngapi? Watavuta hewa ipi mpaka asubuhi? Shuka zisizolingana hazijamuugulisha mgeni yeyote, lakini haya matatu huwaugulisha wageni, na mengine huua.

Tuanze na maji. Kiwango cha chini kinachokubalika hata katika kambi za wakimbizi ni lita 15 kwa mtu kwa siku, za kunywa, kupikia, kunawa na kuoga kwa kubana. Mtungi wetu wa manjano hubeba lita 20, kwa hiyo hesabu ni nyepesi: mgeni mmoja, mtungi mmoja kila siku. Wageni sita wa siku mbili ni mitungi 12, na hiyo ni mbali na ya wenyeji. Choo kikiwa cha kuvuta maji, ongeza, maana kila akivuta mtu zinakwenda lita 6 hadi 9. Penye mgao wa mfereji, jaza siku ya zamu yako. Ukingoja wageni waje ndipo uite punda na mikokoteni, utalipa bei ya Desemba.

Maji ya kunywa yatengwe na ya kuoga tangu yanapoingia nyumbani. Huku Yatta na Mwala wengi huchota kwenye mashimo yaliyochimbwa katika mchanga wa mto mkavu. Mchanga huchuja vizuri, ila shimo likiachwa wazi ng'ombe na mbuzi hunywa hapo hapo, na macho hayaoni walichoacha. Ukivuna maji ya mvua ya vuli, acha mvua ya kwanza ioshe mabati kabla ya kuelekeza mfereji wa paa kwenye tangi, kwa sababu kinyesi cha ndege cha kiangazi kizima kiko juu pale. Kisha chemsha. Mjini Machakos tuko mita 1,600 hivi juu ya usawa wa bahari, na maji huchemka yakiwa na joto la nyuzi 95 hivi badala ya 100. Hilo lisikutie hofu: yakishatokota sawasawa kwa dakika moja, vijidudu vya kuharisha vimekufa. Usipokuwa na kuni za kutosha, tumia dawa ya klorini kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa, uyaache maji nusu saa kabla ya kunywa. Maji ya tope yachujwe kwanza kwa kitambaa safi, maana tope huidhoofisha dawa.

Kuhusu chakula, nina neno moja kwa wenyeji wote: pikeni mapema. Heshima yetu inataka mgeni aketi ndipo kuku akamatwe, na sahani inafika mezani saa nne usiku. Kijana mzima hatadhurika. Lakini mzee anayejidunga insulini au anayemeza tembe za kisukari akikaa na njaa hadi saa hiyo, sukari yake inaweza kushuka vibaya. Ataanza kutoka jasho, kutetemeka, kusema maneno yasiyoeleweka, na wenyeji watadhani ni uchovu wa safari. Akiwa bado ana fahamu na anaweza kumeza, mpe chai yenye sukari nyingi au soda ya kawaida, kisha chakula. Akiwa amezimia usimtie kitu kinywani, mkimbize hospitali. Afadhali kumuuliza kwenye simu kabla hajaondoka kwake: mama, unatumia dawa gani, na huwa unakula saa ngapi? Si swali la kumvunjia mtu adabu. Ukiwa na jibu utamwekea nduma au viazi vitamu na chai saa kumi na mbili, na kuku afuate wakati wake.

Wali na isyo (mahindi na maharagwe) zilizobaki zisilale kwenye sufuria ile kubwa iliyofunikwa. Katikati ya sufuria hubaki vuguvugu hadi usiku wa manane, na vijidudu huzaana humo. Vingine huacha sumu isiyoondoka hata ukipasha moto asubuhi. Gawa kwenye vyombo vipana, vipoe haraka, uviweke kwenye friji kabla ya muda wa saa mbili kupita. Kama hakuna friji, pika kiasi kitakachoisha.

Sasa nije kwenye magunia. Nyumba nyingi huhifadhi mahindi katika chumba kisicholaliwa, na chumba hicho ndicho hutafutwa wageni wakija. Magunia hutolewa yakarundikwa barazani, juu ya saruji, yakiegemea ukuta, na mvua za Novemba na Desemba zinarusha manyunyu. Mahindi yakinyonya unyevu huota kuvu, na kuvu fulani hutoa aflatoksini. Katika mlipuko wa mwaka 2004 watu 317 waliugua na 125 wakafa, wengi wao kutoka Makueni na Kitui, na Machakos haikusalimika. Waliochunguza waligundua kwamba wagonjwa wengi walikuwa wamehifadhi mahindi yenye unyevu ndani ya nyumba. Sumu hiyo haiondoki kwa kuchemshwa. Kukoboa mahindi kuwa muthokoi hupunguza, kwa sababu sehemu kubwa hukaa kwenye maganda, lakini hakuyasafishi mahindi yaliyokwisha kuoza.

Kwa hiyo ukihamisha magunia, yaweke juu ya mbao, mbali na ukuta, chini ya paa lisilovuja. Kabla ya kumfungia mgeni debe la mahindi la kwenda nalo, yapime. Chukua chupa kavu ya kioo, tia mahindi na chumvi kavu, tikisa vizuri, uache kidogo. Chumvi ikishika kwenye kioo, mahindi bado ni mabichi, yarudishe juani.

Kuna hatari nyingine katika chumba hicho ambayo haitajwi vya kutosha. Baadhi ya wakulima hutia kwenye magunia tembe za kufukiza dumuzi. Tembe hizo zikikutana na unyevu wa hewa hutoa fosfini, gesi ya kuua, na gunia la kawaida haliizuii. Usimlaze mtu, hata usiku mmoja, katika chumba chenye mahindi yaliyofukizwa hivyo wala chumba kinachopakana nacho. Usitegemee pua ikuonye. Kama huna hakika ni dawa gani iliyotiwa, uliza aliyeitia, na jibu lisipopatikana mgeni alale sebuleni na wengine.

Halafu jiko. Anayekuja Desemba huwa na bahati ya joto. Anayekuja Juni au Julai, kwa mazishi au kwa ntheo ya ndoa ya kimila, hukuta baridi ya vilima vya Iveti ambayo hakuibebea sweta. Mwenyeji kwa huruma huingiza jiko la makaa chumbani, hufunga dirisha, huziba upenyo wa chini ya mlango kwa leso. Wengi huamini kwamba makaa yakishawiva yakawa mekundu, moshi umeisha na hatari imeisha nao. Sivyo. Makaa mekundu yasiyo na moshi ndiyo yanayotoa kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu. Hushikamana na damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni, na aliyelala hapati la kumwamsha. Aliye macho huumwa kichwa, huona kizunguzungu na kichefuchefu, akadhani ni malaria. Dalili kubwa ni hii: watu wa chumba kimoja wanaumwa kichwa pamoja.

Dirisha lililoachwa wazi kidogo si kinga ya kutegemea. Jiko litoke nje kabla mtu hajalala, basi. Wakipatikana wamelegea, fungua milango, watoe nje kwenye hewa safi, na uwafikishe hospitali penye oksijeni, kama Machakos Level 5. Usihangaike na maziwa ya kuwanywesha; hayaiondoi gesi hii mwilini. Muda wa kuyatafuta ni muda wa safari uliopotea. Mama mjamzito apelekwe hata akisema amepata nafuu, maana mtoto tumboni huathirika zaidi.

Baridi ina dawa nyingine. Mtu aliyelazwa sakafuni huibiwa joto na saruji kutoka chini, hata akijifunika blanketi tatu. Kunjua maboksi ya katoni, tandaza, weka mkeka juu, kisha godoro. Blanketi moja likunjwe chini ya mwili, si yote juu. Soksi na kofia kwa wazee. Chupa ya maji ya moto iliyofungwa vizuri na kuviringwa taulo itamfaa nyanya miguuni hadi alfajiri.

Kabla taa hazijazimwa, mwonyeshe kila mgeni njia ya choo kwa miguu yake mwenyewe, umwachie tochi, na mzee umwekee ndoo yenye mfuniko chumbani ili asishuke ngazi gizani. Mafuta ya taa yasikae kwenye chupa ya soda, maana watoto wa wageni hawajui siri za nyumba yako. Na mikoba ya akina nyanya, ambayo ndani yake kuna tembe za presha na za sukari zenye rangi kama peremende, isiachwe juu ya kitanda. Itundikwe msumarini, mahali mkono wa mtoto haufiki, mara tu wanapoingia.