Tanga na Usukani kwa Mtumbwi

Kusini ya Chekereni, penye mashamba ya mpunga, liko bwawa la Nyumba ya Mungu, lililofanyizwa katika miaka ya 1960 kwa kuuzuia Mto Pangani. Huko wavuvi huvua perege kwa mitumbwi. Mtu akichoka kupiga kafi, huenda akatamani kutweka tanga, hata la shuka kuukuu. Wazo hilo si baya. Lakini twapenda kuwaonya wasomaji wetu, hasa vijana, ya kuwa tanga peke yake ni hatari.

Upepo wa ubavuni hausukumi chombo mbele tu, bali hukilaza pia. Na mtumbwi, kwa kuwa ni mwembamba, haukawii kupinduka. Watu wa pwani walijua hayo tangu zamani, wakafanya ngalawa. Nayo ni gogo lililochongwa, mara nyingi la mwembe, lakini hufungwa miti miwili ya kukingama, na katika ncha zake mbao ziitwazo matengo, moja kila upande. Chombo kikilala, tengo huegemea maji na kukizuia. Nyuma hutiwa usukani, ili chombo kishike njia yake.

Basi, atakaye kuutia mtumbwi wake tanga na aanze na matengo, kisha usukani. Tanga liwe la mwisho, tena dogo. Demani, yaani kamba ya kulizuia tanga, aishike mkononi, asiifunge kabisa, ili upepo mkali ukija ghafula ailegeze upesi. Ndivyo watoto watakavyomwona baba yao akirudi jioni.