Mnyapara Mwenye Funguo Zote

Anayekwenda kutafuta kibarua cha kuchuma chai Kericho, Kenya, haonani na mkurugenzi. Anaonana na mnyapara, au na kontrakta aliyepewa tenda ya kuleta watu. Hao ndio wenye kauli: nani aandikwe, nani aambiwe arudi kesho, nani apangiwe sehemu yenye majani na nani asukumwe pembeni. Mchumaji hulipwa kwa kilo, na akipangiwa mahali pabaya kikapu hakijai hata ajikaze vipi.

Februari 2023 BBC ilirusha uchunguzi ambamo wanawake zaidi ya 70 walisimulia walivyonyanyaswa kingono na wasimamizi kwenye mashamba ya chai ya huko yaliyoendeshwa kwa miaka mingi na kampuni za Unilever na James Finlay. Mwandishi aliyejifanya mtafuta kazi aliitwa kwenye usaili, akajikuta chumbani hotelini. Mameneja wakasimamishwa kazi, bunge likaagiza uchunguzi, na wakubwa wakasema wameshtushwa.

Huo mshtuko ndio unaonitatiza. Unilever ilikuwa imelaumiwa kwa mambo kama hayo zaidi ya miaka 10 kabla, ikatangaza kwamba haitavumilia unyanyasaji hata chembe, ikaweka na utaratibu wa kupokea malalamiko. Sheria nayo ilikuwapo. Kifungu cha 6 cha Sheria ya Ajira ya Kenya ya 2007 kinamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi aandae sera dhidi ya unyanyasaji wa kingono, baada ya kushauriana na wafanyakazi au wawakilishi wao, na aeleze malalamiko yapelekwe vipi.

Karatasi zilikuwapo, basi. Kilichobaki vilevile ni madaraka ya mnyapara. Mama anayeishi nyumba ya kampuni, mwenye watoto wa kulisha, hatamshitaki mtu ambaye kesho asubuhi ndiye atakayemwita jina lake au kuliruka. Na sanduku la maoni likitundikwa nje ya ofisi ya huyohuyo, nani atalisogelea mchana kweupe?

Mwajiri anayetaka kuzuia madhara, badala ya kungoja kuyajutia, aanze kwa kuyagawa madaraka hayo. Anayeandika watu asiwe ndiye anayewapangia kazi. Zamu za sehemu nzuri na mbaya zibandikwe ubaoni kila mtu azione. Malalamiko yapokewe na mtu asiye chini ya meneja wa shamba, na mlalamikiwa aondolewe kwenye usimamizi wakati uchunguzi ukiendelea. Kumhamishia shamba la pili ni kumpelekea wanawake wengine.

Yupo pia kontrakta, ambaye kampuni hupenda kusema si mtu wao. Mkataba namba 190 wa Shirika la Kazi Duniani, uliopitishwa 2019, haumwachi nje mtu ambaye bado anatafuta kazi, wala nyumba anazotoa mwajiri. Kampuni inayonunua jasho kupitia kontrakta inaweza kudai katika tenda ileile usaili ufanyike ofisini, mchana, mbele ya zaidi ya mtu mmoja. Gharama yake ni meza na viti vitatu.