Oanisha na Linganisha

Oanisha, kitenzi kitokanacho na oana, humaanisha kuviweka vitu viwili vipatane. Linganisha ni kubaini vinavyofanana na vinavyotofautiana. Katika upimaji wa vipuri, kuvichanganya ni hasara. Kipuri kilichopimwa huoanishwa kwanza na majira ya nukta ya mchoro wa kompyuta: kwa kawaida nukta 3 huweka bapa, 2 mstari, 1 mwanzo. Ndipo hulinganishwa. Mfasiri akiandika “linganisha” pote pawili, fundi ataruka hatua ya kwanza na kukikataa kipuri kisicho na kasoro. Vivyo hivyo kwa daraja la Kigongo–Busisi, la kilomita 3, katika barabara ya Usagara–Sengerema: nguzo haisemwi imepotoka kabla vipimo vyake havijaoanishwa na mchoro.