KIHARIRI HUKISIA, MWENYE FAILI NDIYE WA KUAMUA

Wengi wetu tunaosoma somo la tarakilishi hudhani kufungua faili ni kama kufungua mlango: ukibofya, basi, yamekwisha. Kumbe sivyo! Ndani ya diski hamna herufi hata moja. Mna nambari tu, kila moja kati ya 0 na 255. Ni kihariri kinachoamua nambari hizo ni herufi gani, ni za lugha gani ya programu, na zitaonekana wapi kwenye kioo. Huamua kwa kukisia. Hebu tutazame Visual Studio Code, ambacho Microsoft ilikitoa mwaka wa 2015 na ambacho hupatikana bure.

Jambo dogo kwanza. Ukibofya jina la faili mara moja, inafunguka, lakini jina lake kule juu linaandikwa kwa herufi za mlazo. Maana yake unaonjeshwa tu. Bofya faili nyingine, na hii ya pili inakalia kiti cha ile ya kwanza. Hapo ndipo utamsikia mtu maabarani akilia ati faili yake imepotea! Haijapotea. Bofya mara mbili, au anza kuandika ndani yake, nayo itakaa. Asiyetaka kuonjeshwa kabisa aingie kwenye mipangilio, atafute workbench.editor.enablePreview na kuizima.

Pili ni mkia wa jina. Kihariri kikiona .py kinajua ni Python na kupaka maneno rangi zake. Shida ni kwamba Windows yenyewe, isipoambiwa vingine, huficha mikia, nayo Notepad hupenda kuongeza .txt. Mwanafunzi anaandika hesabu.py, diskini inakaa hesabu.py.txt, na kihariri kinaifungua kama barua ya kawaida, bila rangi yoyote. Dawa ni kubadilisha jina. Tena kuna mikia yenye utata: .h hutumika katika C na pia C++, na kihariri hiki huchukulia kuwa ni C++. Anayeandika C anaweza kukiamuru kwa files.associations kwamba kila *.h ni ya C. Kwa faili moja tu, bofya jina la lugha pembeni chini upande wa kulia, uchague nyingine.

Sasa tufike penye uchungu, hasa kwetu wapenzi wa Kiswahili. Tuseme umeandika programu ya kuuliza maswali ya msamiati na ndani yake mna neno ng’ombe, ulilolinakili kutoka Word. Word huikunja ile alama ya ng’. Katika utaratibu wa zamani wa Windows, uitwao Windows 1252, alama hiyo iliyokunjwa ni nambari moja, 146. Katika UTF-8, utaratibu unaotumika zaidi leo, ni nambari tatu: 226, 128 na 153. Faili ya UTF-8 ikisomwa kwa utaratibu wa zamani, ng’ombe wako anatoka hivi: ngâ€™ombe. Kinyume chake, faili ya zamani ikisomwa kama UTF-8, 146 peke yake haina maana, basi unaona almasi nyeusi yenye alama ya kuuliza.

Je, ukiona almasi hiyo ufanye nini? Usihifadhi! Mpaka hapo faili iliyo diskini ni nzima. Kilichokosewa ni kusoma tu. Lakini ukibadilisha neno moja na kuhifadhi, kihariri kitaandika nambari za ile almasi, 239, 191 na 189, mahali pa 146, na alama ya awali imekwenda. Kila ng’, kila alama ya kunukuu iliyokunjwa, zote zinakuwa almasi moja, na hakuna wa kukuambia ipi ilikuwa ipi. Kabla ya kugusa chochote, bofya neno UTF-8 pale chini kulia, chagua Reopen with Encoding, kisha Windows 1252. Ng’ombe akirudi mzima, bofya tena mahali pale pale, uchague Save with Encoding na UTF-8.

Sisi wa shule za kutwa tunatumia mashine moja watu wengi, na leo uko hii, kesho ile. Kwa hivyo mipangilio usiiache kwenye mashine. Ndani ya folda ya kazi yako tengeneza folda iitwayo .vscode, na ndani yake faili settings.json. Amri utakazoandika humo zitasafiri na flashi yako, wala hazitamsumbua atakayeketi baada yako.

Lakini folda ikiweza kubeba amri zako, ya mgeni nayo hubeba zake. Mwaka wa 2019 iligunduliwa kwamba katika kihariri kingine, Vim, mstari mmoja ulioandikwa kwa hila ndani ya faili uliweza kuendesha amri kwenye mashine mara tu faili ilipofunguliwa. Kasoro hiyo ilirekebishwa. Tangu 2021, Visual Studio Code huuliza ukifungua folda ngeni kama unawaamini walioiandika. Wengi hubofya ndiyo chapchap ili dirisha liondoke. Ukijibu la, bado unasoma na kuhariri faili zote, ila kazi za kujiendesha na viongezi kadhaa huzimwa. Baadaye ukiridhika, unaweza kubadilisha jibu lako.