Maksi, Alama na Gredi: Istilahi za Kusahihisha Mitihani ya Hisabati

Utangulizi

Madhumuni ya makala haya ni kueleza istilahi zinazohitajika katika kazi ya kusahihisha mitihani ya hisabati ya shule za sekondari, na kuonyesha kwamba haki katika kazi hiyo hutegemea, kwa sehemu kubwa, maneno yenye maana moja. Huenda msomaji akashangaa kuona jambo la hesabu likijadiliwa katika jarida la lugha. Watu wengi hudhani kwamba hisabati haina ubishi: jibu ama ni sahihi ama si sahihi, na msahihishaji hana la kufanya ila kutia vema au kosa.

Dhana hiyo ilikwisha kupingwa zamani. Mwaka 1888 Francis Edgeworth, aliyekuwa mtaalamu wa takwimu nchini Uingereza, aliandika kwamba tofauti baina ya wasahihishaji zichukuliwe kama makosa ya upimaji, sawa na makosa ya mtu anayepima urefu au uzito. Miaka 25 baadaye, yaani mwaka 1913, Wamarekani wawili, Daniel Starch na Edward Elliott, walichapisha matokeo ya jaribio lao. Walichukua karatasi moja ya jiometri iliyoandikwa na mwanafunzi mmoja, wakaitoa nakala, wakazipeleka kwa walimu wa hisabati wa shule mbalimbali. Walimu zaidi ya 100 waliisahihisha. Karatasi ilikuwa ile ile, lakini wapo walioipa chini ya 30 kwa 100, na wapo walioipa zaidi ya 90.

Walimu hao hawakuwa wajinga wa hisabati. Walichokosa ni makubaliano juu ya kitu gani kinalipwa maksi na kosa gani linaadhibiwa. Makubaliano ya namna hiyo hufanywa kwa maneno. Na hapo ndipo kazi ya mtu wa istilahi inapoanzia.

Mitihani ilihamia, maneno hayakuhamia

Kwa miaka mingi mitihani ya sekondari ya Afrika Mashariki ilitoka Cambridge. Mwaka 1967 liliundwa Baraza la Mitihani la Afrika Mashariki. Tanzania ilijitoa katika baraza hilo mwaka 1971, na Baraza la Mitihani la Tanzania likaundwa kwa Sheria Na. 21 ya mwaka 1973. Kenya nayo iliunda baraza lake la taifa mwaka 1980. Hivyo kazi ya kutunga na kusahihisha ikawa mikononi mwa walimu wa hapa hapa.

Hata hivyo, msamiati wa kazi yenyewe ulibaki ulivyokuwa. Nchini Tanzania mtihani wa hisabati wa Kidato cha Nne bado hutungwa kwa Kiingereza, na mwongozo wake vivyo hivyo. Lakini walimu wakikaa pamoja kubishana juu ya jibu la mtahiniwa, mara nyingi hubishana kwa Kiswahili. Mzazi anayetaka kujua kwa nini mwanawe amepata F huuliza kwa Kiswahili, na hujibiwa kwa Kiswahili. Ikiwa lugha hiyo ya majadiliano haina maneno yaliyokatwa maana yake sawasawa, ubishi hautakwisha, au utakwisha kwa sauti ya mkubwa wa meza.

Yafaa pia kukumbuka ukubwa wa jambo lenyewe. Katika Mtihani wa Kidato cha Nne, maksi 30 ndizo mpaka wa D na F. Hisabati ni somo ambalo kwa miaka mingi watahiniwa walio wengi wamekuwa wakiangukia upande wa F. Kwa mtoto aliyesimama karibu na mpaka huo, maksi moja iliyotolewa au kunyimwa kwa sababu ya neno lisiloeleweka si jambo dogo.

Neno lenye mzigo wa maana tatu

Tuanze na neno linalotumika zaidi kuliko yote, yaani alama. Katika somo la hisabati alama ni ishara: alama ya kujumlisha, alama ya kutoa, alama ya sawasawa. Katika kusahihisha, alama ni kile anacholipwa mtahiniwa kwa kazi yake: alama mbili, alama tano. Katika kutangaza matokeo, alama ni herufi: alama A, alama C. Basi mwalimu akisema, "Huyu amesahau alama, mpunguzie alama," msikilizaji lazima akisie. Na akiandika katika taarifa kwamba "alama za wanafunzi zimepanda", haijulikani kama ni hesabu ya maksi iliyopanda au ni herufi.

Tunapendekeza mzigo huo ugawanywe. Neno alama libaki na maana yake ya asili, yaani ishara. Kinacholipwa na msahihishaji kiitwe maksi. Herufi ya somo moja iitwe gredi. Neno daraja libaki kwa matokeo ya masomo yote kwa pamoja, kama linavyotumika sasa: Daraja la Kwanza hadi la Nne. Hivyo maksi huzaa gredi, na gredi huzaa daraja, wala hakuna neno moja linalofanya kazi ya jingine.

Wako watakaolalamika kwamba maksi ni neno la kigeni. Ni kweli, lakini alama nalo lilitoka Uarabuni, na hisabati na hesabu vile vile. Neno likishazoeleka shuleni na nyumbani, likakubali upatanisho wa sarufi yetu, limekwisha kuwa la Kiswahili.

Mfano wa shamba

Istilahi hueleweka vizuri zaidi zikiwekwa kazini. Tuchukue swali hili la maksi 5: "Shamba la mstatili lina mzingo wa meta 60. Urefu wake unazidi upana kwa meta 6. Tafuta eneo la shamba hilo." Upana ni meta 12, urefu ni meta 18, na eneo ni meta za mraba 216.

Mtahiniwa wa kwanza anauita upana x, anaandika mlinganyo 2(x + x + 6) = 60, anaurahisisha kuwa 4x + 12 = 60, kisha anakosea na kuandika 4x = 72. Anapata upana 18, urefu 24, na eneo meta za mraba 432. Mtahiniwa wa pili hatumii mlinganyo hata kidogo: anagawa 60 kwa 2 na kupata 30, anatoa 6 na kupata 24, anagawa kwa 2 na kupata 12, anaongeza 6 na kupata 18, kisha anazidisha na kupata meta za mraba 216. Mtahiniwa wa tatu anaandika "meta za mraba 216" na kunyamaza.

Msahihishaji anayelipa jibu peke yake atampa wa kwanza sifuri, na wa tatu maksi zote. Msahihishaji anayetaka kuona mlinganyo atamnyima wa pili, ingawa fikra zake hazina dosari. Ndiyo maana lazima maksi ziwe za aina mbalimbali, na kila aina iwe na jina.

Maksi ya njia hulipwa kwa hatua sahihi kimantiki, hata kama tarakimu zimekosewa. Wanafunzi wenyewe husema "nimeonyesha njia", kwa hiyo hatukuona sababu ya kutafuta neno jingine. Maksi ya jibu hulipwa kwa matokeo sahihi yaliyofikiwa kwa njia inayokubalika. Kwa kawaida haitolewi pale ambapo njia yake imekosewa. Maksi huru ni ile isiyotegemea maksi nyingine, kwa mfano kutaja kanuni au kusoma kipimo katika grafu. Mgawanyo wa namna hii ndio unaotumika katika miongozo ya Cambridge, ambako aina hizo tatu huandikwa kwa herufi M, A na B.

Katika swali letu, mwongozo unaweza kugawa hivi: maksi 1 ya njia kwa kuhusisha mzingo na pande zake; 1 ya njia kwa kuutafuta upana kwa hatua sahihi; 1 ya jibu kwa upana 12; 1 ya njia kwa kuzidisha urefu kwa upana; na 1 ya jibu kwa 216 pamoja na kizio chake. Kwa kuwa mwongozo umesema "kuhusisha mzingo na pande zake", wala haukusema "kuandika mlinganyo", mtahiniwa wa pili anapata maksi zote 5 bila ubishi. Neno moja tu limemwokoa. Njia kama yake tunaiita njia mbadala. Ama mtahiniwa wa tatu, mwongozo lazima uamue mapema kama jibu tupu linalipwa, na swali lazima limwonye mtahiniwa kwamba aonyeshe kazi yake. Kumwadhibu kwa sharti ambalo hakuambiwa si haki.

Kosa la kurithi

Turudi kwa mtahiniwa wa kwanza. Alikosea mara moja tu, pale alipohamisha 12. Baada ya hapo alifanya kila kitu sawasawa: alizidisha 18 kwa 24, na 432 ni jibu sahihi la kuzidisha huko. Je, aadhibiwe tena mwishoni kwa kosa lile lile?

Kosa ambalo limezaliwa katika hatua ya mapema na kupitishwa katika hatua za baadaye tunapendekeza liitwe kosa la kurithi. Tulifikiria "kosa endelevu", lakini neno endelevu siku hizi ni neno la sifa, na kosa halistahili sifa. Tulifikiria pia "kosa la kufuatia", lakini kufuatia hueleweka kama "kwa sababu ya". Kurithi kunaeleza jambo lilivyo: hatua ya pili haikukosa, imepokea tu deni la hatua ya kwanza.

Mtahiniwa huyu anapata maksi 1 ya mlinganyo na 1 ya kuzidisha, jumla 2. Mwongozo ukiruhusu jibu la mwisho lilipwe kwa tarakimu zilizorithiwa, anapata 3. Uamuzi wowote kati ya hiyo miwili unaweza kutetewa. Lisiloweza kutetewa ni meza hii kutoa 2 na meza ile kutoa 3. Kwa hiyo mwongozo uandike wazi, swali kwa swali, kama urithi unakubaliwa kwa maksi ya njia tu, au kwa maksi ya jibu pia.

Kosa la kurithi litofautishwe na kosa la kunakili, yaani kuandika 66 mahali ambapo swali lina 60, na kosa la dhana, yaani kudhani kwamba mzingo ni urefu mara upana. La kunakili ni kuteleza kwa kalamu. La dhana huonyesha kwamba somo lenyewe halijaeleweka. Kuyaita yote "makosa" na kuyakata sawa ni kuficha tofauti hiyo.

Uthabiti, usawa na haki

Maneno haya matatu huchanganywa sana. Usawa ni kwamba kazi mbili zinazofanana zinapata maksi zinazofanana. Uthabiti ni kwamba msahihishaji anayeirudia karatasi ile ile kesho, au mwenzake akiichukua, atatoa maksi ile ile. Haki ni kwamba maksi inalingana na kazi inavyostahili. Tumekwepa maneno uwiano na ulinganifu kwa makusudi, maana katika hisabati yana kazi nyingine.

Tofauti yake inaonekana sokoni. Muuzaji ambaye kibaba chake kimebonyea huwapimia wateja wote kwa kibaba hicho hicho, leo na kesho. Uthabiti upo, na usawa upo. Lakini wote wanapunjika. Vivyo hivyo jopo zima linaweza kukubaliana kuwanyima maksi wote wanaotumia njia mbadala. Wasahihishaji hawatapingana hata mara moja, na haki haitakuwapo. Kwa sababu hiyo mwongozo wenyewe lazima ukaguliwe, si wasahihishaji pekee.

Kwa upande wa wasahihishaji, mkono hubadilika. Yupo anayeanza asubuhi akikaza na jioni akilegeza. Yupo anayeipunguzia maksi karatasi ya wastani kwa sababu imefuata karatasi nzuri sana. Dawa zake zinajulikana, nazo zahitaji majina. Kabla ya kazi kuna uoanishaji, yaani wasahihishaji wote kusahihisha karatasi chache za mfano, kulinganisha maksi zao na kusuluhisha tofauti. Wakati wa kazi kuna urudiaji wa sampuli, ambapo kiongozi wa jopo husahihisha upya baadhi ya karatasi. Kumpa kila msahihishaji swali moja tu nako husaidia, kwani hakuna mtahiniwa ambaye karatasi yake yote hubaki chini ya mkono mmoja. Mwisho kuna ukaguzi wa jumla, maana hata maksi zilizotolewa kwa haki huweza kupotea katika kujumlisha.

Istilahi tunazopendekeza

Maksi: kipimo kinacholipwa kwa kazi ya mtahiniwa.
Gredi: herufi ya matokeo ya somo moja.
Daraja: matokeo ya masomo yote kwa pamoja.
Mwongozo wa usahihishaji: maandishi yanayoeleza maksi zinavyotolewa.
Maksi ya njia. Maksi ya jibu. Maksi huru: kama zilivyoelezwa juu.
Njia mbadala: njia sahihi isiyotajwa katika mwongozo.
Kosa la kurithi. Kosa la kunakili. Kosa la dhana: kama yalivyoelezwa juu.
Uoanishaji: kulinganisha na kusuluhisha maksi za karatasi za mfano kabla ya kazi kuanza.
Urudiaji wa sampuli: kusahihisha upya baadhi ya karatasi ili kupima uthabiti.
Ukaguzi wa jumla: kuhakikisha kwamba maksi zote zimehesabiwa.

Haya ni mapendekezo, wala hayajawa sanifu. Istilahi haisimami kwa kuandikwa jaridani. Husimama pale wanaoifanya kazi wanapoona kwamba inawafaa. Tunawaomba walimu wa hisabati wayajaribu maneno haya katika mitihani ya ndani ya shule zao, ambako hakuna jopo wala kiongozi wa jopo, na ambako mara nyingi mwongozo umo kichwani mwa mwalimu mmoja. Waandike mwongozo, wamwonyeshe mwenzao, kisha wasahihishe karatasi tano kila mtu peke yake na kulinganisha. Pale maksi zitakapotofautiana, watutumie swali lenyewe pamoja na neno lililowagonganisha. Neno hilo ndilo tutakaloanza nalo.