Upepo kwanza, picha nyuma: namna safari ya yoti inapangwa



Kila mara mutu mmoja katika kundi yetu anatuma picha ya yoti nyeupe juu ya maji ya bluu, anaandika: "Siku nitapata kazi, njo fasi nitaenda." Wengine wanacheka: "Feza ya bus inatushinda, wewe unaongea yoti?" Mimi sicheki. Mutu mwenye anajua kupanga siku saba juu ya bahari anaweza kupanga mradi, anaweza kufanya kazi ya lojistiki, na anaweza kuvusha watu kwenye ziwa bila kuwapoteza. Kwa hiyo leo tuchukue inchi moja ya kweli, Shelisheli, yenye wengi wetu tunaita Seychelles, tuone kazi hiyo inafanywa namna gani.

Kosa la kwanza la watu wengi ni kuanza na kisiwa. Wanaona pwani muzuri, wanasema: tutalala hapa. Mabaharia wanaanza na upepo.

1. Upepo njo unachagua fasi ya kulala

Shelisheli iko na visiwa 115 katika Bahari ya Hindi, kusini kidogo ya ikweta. Mahé, Praslin na La Digue ni visiwa vya mawe ya graniti na viko karibukaribu. Vingine ni vya matumbawe na viko mbali sana: Aldabra iko zaidi ya kilometa 1000 kutoka Mahé. Mwenye iko na wiki moja, Aldabra aiache katika ndoto. Apange visiwa vya ndani tu.

Waswahili wa pwani walikwisha kupatia pepo za bahari hiyo majina zamani. Kusi inatoka kusini-mashariki, karibu Mei mpaka Oktoba. Inaleta hewa kavu, lakini bahari inachafuka, zaidi Julai na Agosti. Kaskazi inatoka kaskazini-magharibi, karibu Desemba mpaka Machi, na inakuja na joto na mvua. Katikati, karibu Aprili na Novemba, kuko kipindi cha upepo mudogo chenye wanaita tangambili. Maji inatulia, ni muzuri kwa kuogelea na kuona samaki. Lakini angalia: bila upepo tanga haifanye kazi, motere inafanya kazi mingi, na mafuta unalipa wewe.

Sasa mufano. Anse Lazio iko upande wa kaskazini-magharibi wa Praslin. Wakati wa kusi, kisiwa chenyewe kinakuwa ukuta, yoti inalala kimya. Wakati wa kaskazi, mawimbi inaingia moja kwa moja, hamutalala. Ni pwani moja, na picha ni moja, lakini Agosti inakubali na Januari inaweza kukataa. Njo maana mutu hawezi kuchukua programu ya rafiki yake na kuifuata bila kuuliza: wewe ulienda mwezi gani?

2. Nani atashika usukani?

Kuko njia mbili. Unaweza kukodi yoti peke yake, na hapo wenye yoti wataomba cheti cha kuongoza na kuuliza ulikwisha safiri wapi. Ao unakodi pamoja na nahodha, yule sisi tunaita kapitene. Kwa wengi wetu, njia ya pili njo ya akili. Diploma ya sheria ao ya uchumi haijue kusoma mawimbi.

Nahodha naye ni mutu: anakula, anakunywa, anahitaji kitanda. Kama muko munane, mukamuongeza yeye, sasa muko tisa. Na karatasi ya yoti inaandika hesabu ya watu wenye inaweza kubeba. Hesabu hiyo haiombewe punguzo kama kwenye soko.

3. Njia: saa za mchana tu

Kutoka Mahé mpaka Praslin ni karibu kilometa 45. Yoti ya tanga inatembea karibu kilometa 10 kwa saa, basi muhesabu saa ine na nusu, na zaidi kama upepo unatoka mbele. Praslin mpaka La Digue ni kama saa moja.

Programu ya siku saba inaweza kuwa hivi. Siku ya kwanza, kupokea yoti Mahé, kujua jile za kuokoa maisha ziko wapi, kizima-moto kiko wapi, na redio inaitisha musaada namna gani: ni chaneli 16. Siku ya pili, kuvuka mpaka Praslin. Ya tatu, kutembea Vallée de Mai, musitu wa minazi ya coco de mer wenye uko katika orodha ya UNESCO tangu 1983. Ya ine, Curieuse, fasi kobe wakubwa wanatembea bila kufungwa. Ya tano, La Digue, kwenye watu wanazunguka kwa kinga. Ya sita, kurudi Mahé. Ya saba iko wazi.

Siku hiyo wazi haiko ya uvivu. Kama bahari ikikasirika siku ya sita, mutangoja mpaka ya saba na ndege haitawaacha. Kupanga kurudi siku ileile ya ndege ni kumulazimisha nahodha atoke hata kama hali ni mubaya.

Sheria ingine: kufika kabla ya saa kumi ya mchana. Karibu na ikweta, jua linazama karibu saa kumi na mbili na nusu mwaka wote, kiisha giza linakuja mbio. Matumbawe unaiona muzuri wakati jua liko juu. Nanga inatupwa kwenye muchanga, haitupwe juu ya matumbawe, na munyororo unaachiliwa karibu mara tano ya urefu wa maji: maji meta 5, munyororo meta 25.

4. Maji na feza

Watu tisa, litre tatu za kunywa kwa siku, siku saba: 9 × 3 × 7 = litre 189. Hapo bado kupika, bado kuoga. Juu ya bahari, mutu anaweza kufa kiu akizungukwa na maji.

Kwa feza, muandike kila kitu: kukodi yoti, mushahara wa nahodha, mafuta, chakula, feza za kuingia katika mbuga, dhamana yenye inarudishwa kama hamukuharibu kitu, na tikiti za ndege. Chakula kingi cha Shelisheli kinatoka inje, basi bei haiko ya soko yetu. Muongeze akiba, tuseme sehemu moja kwa kumi.

Hatari kubwa iko katika kugawanya. Bei ya yoti haipungue kama watu wanapungua. Tuseme yoti ni dola 4000: watu munane, kila mutu 500. Wawili wakijiondoa wiki ya mwisho, sita wenye wanabaki wanalipa karibu 667. Njo maana likelemba ya safari inaanza kabla ya kukodi, na mwenye kujiondoa anajua mbele kwamba feza yake ya kwanza hairudi. Muandike ile na kila mutu asinye. Urafiki mingi umekufia hapo.

Makaratasi pia: Shelisheli haiombi viza kwa raia wa inchi karibu zote, lakini inaomba ruhusa ya kusafiri mbele ya kupanda ndege, tikiti ya kurudi, na fasi ya kulala. Na sisi wenye tunatoka Kongo, tusisahau karatasi ya chanjo ya homa ya manjano. Kwa luga hakuna shida, Kifaransa kinafika.

5. Neno "hapana"

Jambo la mwisho halina bei, lakini linapita yote. Kabla ya kutoka, kundi lote likubali kwamba nahodha akisema "leo hatutoki", hakuna mutu atamubishia, hata kama alilipa mingi.

Sasa turudi kwetu. Tarehe 3 Oktoba 2024, bato yenye ilitoka Minova ilizama karibu na bandari ya Kituku, Goma, mbele ya macho ya watu wenye walikuwa wanangojea ndugu zao kwenye kivuko. Ilikuwa imejaa kupita kiasi. Wale watu hawakuwa wajinga: barabara ilikuwa imefungwa na vita, ziwa likabaki njia. Lakini nani alikuwa na kazi ya kuhesabu watu? Nani alikuwa na haki ya kusema "hapana, imetosha", na watu wamusikilize?

Upepo ule wa kusi unafika hata Tanganyika wakati wa kiangazi, na mawimbi yake haijue kama umepanda yoti ao bato ya mihogo. Maulizo ni yaleyale: upepo uko namna gani, nani anaongoza, tuko wangapi, jile ziko ngapi, tutafika kabla ya giza?

Pengine wengi wetu hatutaona Shelisheli. Lakini siku chama itapanga matembezi ya Idjwi, wewe mwenye umesoma hapa ushike karatasi, uhesabu watu kwenye kivuko, moja kwa moja. Kama hesabu imepita, sema hapana. Watakukasirikia asubui, lakini mangaribi wote watakuwa wamerudi kwao.